Hesabu ya Watoto: Miaka Sitini ya Tanzania Kukimbizana na Vijana Wake

Agosti 1967 makarani wa sensa walizunguka Tanzania yote, bara na visiwani, kwa mara ya kwanza tangu nchi hiyo ianze kujitawala. Walipojumlisha walipata watu milioni 12.3. Sensa ya Agosti 2022 ilipata watu 61,741,120, yaani mara tano ya wale wa kwanza. Katika hesabu zote mbili, na katika zile za katikati za 1978, 1988, 2002 na 2012, jambo moja halikubadilika: zaidi ya watu wanne katika kila kumi walikuwa hawajafika umri wa miaka 15. Nchi imebadili marais na siasa ya uchumi, imehamishia serikali Dodoma, imeingia vyama vingi, lakini muda wote huo imebaki kuwa nchi ya watoto.

Siku hizi wingi huo wa vijana hutajwa majukwaani kama utajiri, na watu hupiga makofi. Wengine huutaja kama bomu. Kauli zote mbili husahau kwamba Tanzania ina uzoefu mrefu wa kuishi na vijana wengi, na kwamba uzoefu huo umeandikwa katika rejesta za shule. Mara nne tangu Uhuru nchi imefanya uamuzi mkubwa kuhusu watoto wake. Kila mara uamuzi ulikuwa wa kishujaa, na kila mara maandalizi ya hatua iliyofuata yalichelewa.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, tatizo lilionekana kuwa uchache, si wingi. Shule za msingi zilikuwa na watoto wasiofika laki tano, na sekondari zote za Tanganyika hazikuwa na wanafunzi zaidi ya 12,000. Elimu ya mkoloni ilikuwa chekeche: wengi waliishia darasa la nne, wachache wakavuka la nane, wachache zaidi wakafika la kumi na la kumi na mbili. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka waliacha madaktari 12 na wahandisi wawili. Chuo Kikuu nacho kilianza Oktoba mwaka huo na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15, wakisomea ndani ya jengo la chama cha TANU ambalo leo liko Mtaa wa Lumumba.

Kwa hali hiyo serikali mpya ilifanya uamuzi wa kwanza: kuanzia juu. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, uliweka lengo kwamba kufikia 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe. Ada za sekondari zilifutwa mwaka huohuo. Fedha zikaenda sekondari na Chuo Kikuu, na shule za msingi zikaambiwa zisubiri. Zanzibar nako, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Karume alitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964. Watoto wa wakulima na wavuvi, ambao mlango wa shule nyingi za mjini haukuwa wao, wakaanza kuingia.

Uchaguzi wa kuanzia juu ulikuwa na mantiki, kwani wizara haziwezi kuendeshwa bila makarani, wala hospitali bila madaktari. Lakini ulizaa kundi dogo la vijana waliojua kwamba wao ni lulu. Serikali ilipoamua kwamba wahitimu wa vyuo na sekondari walitumikie taifa kwa miaka miwili katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), miezi mitano kambini na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara, wengi walikasirika. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Mwalimu aliwasikiliza, akakubaliana nao kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akaupunguza wake kwa asilimia 20 palepale. Kisha akawafukuza chuo wanafunzi karibu 400.

Tukio hilo lilimfanya Rais Nyerere, aliyekuwa mwalimu kwa taaluma, aitazame upya shule yenyewe. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata likafuatiwa na Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba ni watoto 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi waliokuwa wanapata nafasi ya sekondari. Wale 87 walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa, ilhali ndio waliokuwa taifa. Shule ya msingi, alisema, ikamilike yenyewe: impe mtoto kusoma, kuhesabu na kulima vizuri, na mtoto aanze akiwa na umri wa kutosha ili akimaliza awe tayari kwa maisha ya kijijini. Miezi mitano baadaye makarani wa sensa walipita na kuthibitisha kwa tarakimu alichokuwa anakiona. Sehemu kubwa ya taifa lake ilikuwa bado haijabalehe.

Uamuzi wa pili ulifikiwa Musoma, Novemba 1974. Mpango wa awali ulikuwa kila mtoto apate nafasi ya shule kufikia mwaka 1989. Halmashauri Kuu ya TANU ilisema muda huo ni mrefu mno, ikasogeza lengo hadi 1977. Nchi maskini, iliyokuwa katikati ya ukame na bei kubwa ya mafuta, ikajipa miaka mitatu kufanya kazi ya kumi na mitano.

Kilichofuata kinafaa kukumbukwa kwa heshima. Vijiji vilivyoundwa kwa Operesheni Vijiji, operesheni ambayo kwingine ilitumia mabavu na kuchoma nyumba za watu, vilikuwa vimesogeza kaya karibu na mahali pa kujenga shule. Wananchi walifyatua matofali, wakabeba mchanga na maji, wakaezeka. Walimu hawakuwapo, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa hukohuko vijijini: asubuhi wanafundisha watoto, mchana wanafundishwa wao, na masomo mengine wanayapata kwa njia ya posta na redio. Makumi ya maelfu walipita njia hiyo, na hadi leo watu wazima wengi wa Tanzania wanawakumbuka kama walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1974 shule za msingi zilikuwa na watoto wapatao milioni 1.2. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya milioni tatu. Ni nchi chache za Afrika zilizowahi kuingiza watoto wengi kiasi hicho darasani kwa muda mfupi kama huo.

Watoto hao walikua. Kundi lililoanza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970 lilifika darasa la saba katikati ya miaka ya 1980, na likakuta ukuta. Sekondari zilikuwa zimeachwa makusudi zisipanuke. Nafasi katika sekondari za serikali zilitosha watoto wasiofika watano katika kila 100. Uchumi nao ulikuwa umelemewa: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Vita vya Kagera vikafuata, viwanda vikakosa vipuri, maduka yakabaki na rafu tupu. Mashamba ya kijiji, ambayo Elimu ya Kujitegemea iliyategemea, hayakuwa na pembejeo wala bei ya kumshawishi kijana abaki.

Kijana akapanda basi au lori akaenda mjini. Dar es Salaam, iliyokuwa na watu 272,821 katika sensa ya 1967, ilianza kufurika. Mwaka 1983 serikali ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, ikaanza kuwakusanya mitaani waliohesabiwa kuwa wazururaji na kuwapeleka vijijini. Wengi walirudi baada ya muda mfupi, maana kilichowafukuza kijijini kilikuwa bado kipo. Wale waliotaka kubaki mjini kihalali walikata leseni ya nguvu kazi, wakauza karanga, mitumba, vyombo vya plastiki. Miaka kumi baadaye wafanyabiashara hao wadogo, Wamachinga, walikuwa ni sehemu ya uchumi wa kila mji. Sheria iliyokusudia kuwarudisha shambani iliwapa kibali cha kwanza cha kuuza barabarani.

Wazazi hawakukaa wakisubiri. Jumuiya ya Wazazi, makanisa, misikiti na vyama vya maendeleo vya wilaya vilijenga sekondari, Kilimanjaro ikiwa mbele. Hata hivyo shule hizo zilikuwa za kulipia, na miaka hiyohiyo serikali ilirudisha ada na michango kwa jina la kuchangia gharama. Ada ya shule ya msingi ilibaki na jina lilelile la UPE, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka 1994 hata mafunzo ya lazima ya JKT yalisimamishwa kwa kukosa fedha, yakarejeshwa 2013. Idadi ya watoto iliendelea kupanda, ila shule hazikuwafuata. Kufikia mwaka 2000 kiwango cha uandikishaji, kilichopita asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 80.

Uamuzi wa tatu ulikuja 2001, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, ada ya shule ya msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuandaliwa. Wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni saba mwaka 2004. Watoto wa miaka kumi na zaidi, waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa ada, waliketi dawati moja na wadogo zao wa miaka saba. Darasa la watu 45 likawa na 90, sakafu ikawa dawati.

Safari hii serikali iliona mapema kidogo kwamba kundi hilo litahitaji sekondari. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, na baada ya uchaguzi wa 2005 Waziri Mkuu Edward Lowassa aliusukuma kwa nguvu: kila kata ijenge sekondari yake. Shule za sekondari, zilizokuwa takriban elfu moja mwanzoni mwa muongo huo, zilipita 4,000 kufikia 2009. Wanafunzi walipita milioni moja. Mtoto wa Nkasi au Nanyumbu ambaye baba yake hakuwahi kuota kidato cha kwanza akawa anatembea kwa miguu kwenda kidato cha pili.

Walimu je? Waliandaliwa kwa mafunzo mafupi ya haraka, na mitaani wakapewa jina la "voda fasta". Maabara nyingi zilikuwa vyumba vitupu. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kiswahili kwa miaka saba alibadilishiwa lugha siku ya kwanza ya sekondari, akawa anakariri biolojia na historia kwa Kiingereza ambacho mwalimu wake mwenyewe alikuwa anakitafuta. Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalitangazwa, na watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu mwingine. Vijana hao walipewa alama nyingine, lakini hawakupewa miaka minne mingine ya kufundishwa.

Itakuwa dhuluma kuishia hapo. Shule za kata zilizodharauliwa ndizo zilizotoa wauguzi, walimu, mafundi wa simu na maofisa ugani wengi wanaofanya kazi leo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa 2007 kuwapokea, na Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi 2005 iliwalipia wengi ambao familia zao zisingeweza hata nauli. Kosa halikuwa kufungua shule. Kosa lilikuwa kuhesabu majengo na kusahau anayesimama mbele ya ubao.

Uamuzi wa nne ni wa miaka ya karibuni. Januari 2016, chini ya Rais John Magufuli, ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa. Novemba 2021 wasichana waliojifungua wakiwa shuleni waliruhusiwa kurudi darasani, baada ya miaka ya kufungiwa nje. Mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikafutwa. Sasa mtoto anaweza kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha sita katika shule ya serikali bila ada.

Ruhusa ya wale wasichana ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu inagusa kiini cha hesabu nzima. Taifa hubaki la watoto kwa sababu mbili. Ya kwanza ni njema: watoto hawafi kama zamani. Katika utafiti wa afya wa 2004-05, watoto 112 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Katika ule wa 2022 walikuwa 43. Ya pili ni uzazi, ambao umeshuka taratibu mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alitarajiwa kuzaa watoto sita na zaidi; mwaka 2022 walikuwa 4.8. Uzazi wa mpango haukuanza jana: chama cha uzazi wa mpango, UMATI, kilianza 1959, na Sera ya Idadi ya Watu ilipitishwa 1992. Lakini hata sasa zaidi ya binti mmoja katika kila watano wa umri wa miaka 15 hadi 19 ameshapata mimba au amejifungua.

Jirani wa kaskazini anatoa funzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa uzazi, wastani wa watoto wanane kwa kila mwanamke. Utafiti wa 2022 ulikuta wastani umefika 3.4. Wasichana walikaa shuleni muda mrefu zaidi, huduma za uzazi wa mpango zikafika zahanati za vijijini, na ardhi ya kurithisha ikapungua. Hata hivyo vijana wa Kenya, wenye elimu kubwa kuliko wazazi wao, walijaa barabarani Juni 2024 wakipinga muswada wa fedha. Familia ndogo na vyeti vingi husaidia, lakini havikuwapa kazi.

Hapo ndipo Tanzania ilipo sasa. Kundi lililozaliwa wakati ada ya shule ya msingi inafutwa lina umri wa miaka ishirini na kitu. Limepita msingi, limepita sekondari, sehemu yake imepita chuo, na sasa limesimama kwenye hatua ambayo haijawahi kufunguliwa kwa amri ya serikali: ajira. Rais anaweza kufuta ada kwa waraka mmoja. Hakuna waraka unaozalisha viwanda vya nguo, skimu za umwagiliaji au soko la alizeti. Ndiyo maana vijana wamejitengenezea ajira walipoweza, kwenye bodaboda, uwakala wa fedha kwa simu, saluni na machimbo madogo ya dhahabu ya Geita na Chunya, mara nyingi bila mkataba, bila bima na bila akiba ya uzeeni.

Juhudi zipo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ingawa mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 baada ya fedha nyingi kushindwa kurejeshwa, kisha ikarudi kwa utaratibu mpya. Mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora ulizinduliwa Dodoma mwaka huohuo wa 2023, ukiwapa vijana mashamba makubwa yaliyoandaliwa. Vyuo vya ufundi vya VETA vinajengwa wilaya hadi wilaya. Yote ni mema, ila ukubwa wake haujalingana na mamia ya maelfu ya vijana wanaoingia katika nguvu kazi kila mwaka. Anayetilia shaka aitazame Dar es Salaam: watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, karibu mara 20 ya wale wa 1967.

Idadi ya watu wa Tanzania inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo watu huongezeka mara mbili katika miaka ipatayo 22, na Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba kufikia 2050 nchi itakuwa na watu karibu milioni 130. Dira ya Taifa ya 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, imejengwa juu ya watu hao. Mtoto mchanga aliyehesabiwa katika sensa ya 2022 atakuwa na miaka 28 mwaka huo. Hakuna jambo la kesho linalojulikana mapema kama hili: bei ya mafuta haitabiriki, mvua haitabiriki, lakini watakaohitaji darasa la kwanza baada ya miaka sita na watakaohitaji kazi baada ya ishirini wameshazaliwa, na majina yao yako kwenye kadi za kliniki.

Mtihani wa karibu umeshapangiwa tarehe. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025 inafupisha shule ya msingi iwe miaka sita na kuifanya elimu ya lazima iwe miaka kumi. Kwa ratiba hiyo, mwishoni mwa 2027 madarasa mawili, la sita na la saba, yatamaliza kwa pamoja, na Januari 2028 yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwaka 1974 nchi haikuwaandalia watoto wa UPE sekondari. Mwaka 2006 iliwaandalia madarasa bila walimu. Safari hii idadi inajulikana, shule zinajulikana, na vyuo vya ualimu vipo. Wabunge wanapopitisha bajeti, madiwani wanapogawa fedha za halmashauri na wazazi wanapokutana na kamati za shule, waulize swali moja na wadai jibu lenye tarakimu: walimu wa Januari 2028 ni wangapi, na wanasomea wapi sasa hivi?